Dakika Saba za Mnara

“Hili daftari halitoki humu ndani,” Mwalimu alisema, na ili pasiwe na ubishi, akalikalia.

Sasa, Mwalimu akikalia kitu, kimekaliwa. Alikuwa mama wa kilo zake, mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya wasichana, na pale shuleni kipo kiti cha plastiki alichokikalia kwenye kikao kimoja cha wazazi, mpaka leo wanakitumia kama sinia. Fundi alimtazama wifi yake, akaitazama ncha ya daftari iliyochungulia pembeni ya gauni jeusi, akajua hili si jambo la kuvutana mikono.

“Wifi, nyanyuka.”

“Sinyanyuki.”

“Hilo ni la mume wangu.”

“Na huyo mume wako ni mdogo wangu. Nimembeba mgongoni wewe hujajua hata kushika sindano.”

“Ulimbeba miguu yake ikiburuta chini, ametuhadithia wote. Nyanyuka.”

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya mazishi. Walikuwa katika chumba cha mbele, ambacho siku nyingine zote kilikuwa kiwanda cha Fundi cha kushona: cherehani mbili, meza ya kukatia, sare za shule kumi na nne zimetundikwa ukutani, na ya kumi na tano haina mkono mmoja, kwa sababu Jumanne alipokuwa akiushona ndipo mtu kutoka idara ya maji alipobisha hodi. Nje, wanaume walikuwa wakifunga turubai na kubishana kuhusu kamba. Gari lingeuleta mwili saa saba, na saa nane wangeanza.

Kilichokuwa kikigombewa ni nani atasema nini juu ya marehemu. Mwalimu alikuwa ameandika wasifu, ukurasa mmoja, umepigwa chapa safi. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa idara ya maji, alioa, alichekesha watu, aliondoka ghafla. Katikati pale palikuwa na sentensi: “Marehemu alikuwa mtu mwenye furaha siku zote.” Hiyo ndiyo aliyoikataa Fundi.

“Siku zote?” aliuliza. “Nimeishi naye miaka ishirini na mbili. Siku zote alikuwa mrefu. Hayo mengine yalikuwa na siku zake.”

Kwa urefu, kweli hakukuwa na ubishi. Watu walimwita Mnara, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye hati ya mshahara tu. Mvua ikianza, yeye ndiye aliyelowa kwanza, akawatangazia wengine waanue nguo. Kitandani miguu ilipita mwisho wa godoro ikatokea dirishani, na majirani waliitumia kujua kama ameamka.

Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, anapiga magoti, anafunua kifuniko, anawaomba radhi vyura na nge, anasoma namba. Kwa miaka ishirini aliwajua watu wa mitaa minne kwa maji yao. Alijua nani amenuniana na nani, maana mita za walionuna hukimbia: kila mmoja anafua zake peke yake. Mbwa nao walimjua kwa ratiba. Yupo mmoja, wa kwa kinyozi, aliyezeeka akimfukuza, na mwisho meno yalipomwisha, Mnara akawa anapunguza mwendo kwenye ile kona, ili mzee wa watu asijione ameachishwa kazi.

Hayo yote aliyabeba kichwani hadi Ijumaa. Ijumaa saa kumi na mbili jioni, kwenye ukumbi ulio nyuma ya gereji, jukwaa la mbao lililowekwa juu ya matairi, Mnara alishika kipaza sauti na kuyamwaga. Watu walicheka hadi wakaombana msamaha. Kuna bwana mmoja alicheka meno yake ya bandia yakaruka, yakatua kwenye kikombe cha jirani, na jirani naye, kwa kicheko, akayanywa. Hawasemezani hadi leo.

Lakini kabla ya Ijumaa kulikuwa na cherehani. Hii wengi hawaijui. Kila kichekesho cha Mnara kilipimwa kwanza hapa, chumba hiki, Fundi akiwa kazini. Mungu hakuwapa watoto, akawapa hii kazi ya kulea vichekesho. Mnara alisimama pale mlangoni, kichwa amekiinamisha kisigonge, akasema maneno yake. Fundi hakuruhusiwa kucheka. Kucheka ni hisani, Mnara alisema, mke anaweza kukupa kwa huruma. Alichokisikiliza ni mguu. Mguu wa Fundi ukisimama kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza, kichekesho kimepita. Cherehani ikiendelea kulia, kimefeli, na Fundi, macho kwenye pindo, alitoa hukumu yake: “Kirefu hicho.” “Hapo kati umerudia.” “Mwisho umelegea, kata.” Na Mnara alikata. Mwanaume aliyeshangiliwa na ukumbi mzima alikubali kukatwa na mwanamke mwenye pini mdomoni, wala hakununa hata siku moja.

Ndiyo maana lile kosa lilitokea. Nyumba nyingine lisingeweza kutokea.

Miaka sita iliyopita, jioni moja, Fundi alikuwa na sare arobaini za kumaliza. Mnara akaja akasimama pale pale mlangoni, kichwa chini, na kwa sauti ile ile ya kupimia akasema, “Siku hizi natamani nilale nisiamke.” Cherehani haikusimama. Fundi alimaliza mshono, akakata uzi, akasema, “Mwisho umelegea. Kata.”

Mnara akasema, “Sawa.” Akaenda kuoga.

Siku ya tatu Fundi alirudi sokoni saa tano asubuhi akamkuta mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa sare ya idara, viatu vimefungwa kamba, kitabu cha mita magotini, macho ukutani. Alikuwa amekaa hivyo tangu saa kumi na mbili. Alipoulizwa, alisema polepole, kama mtu anayesoma namba ndogo: “Ile ya juzi haikuwa kichekesho.”

Kuanzia hapo waliweka sheria. Mnara akitaka kusema neno la kweli, alikwenda kwanza kwenye cherehani akaweka kiganja chake juu ya gurudumu, akalisimamisha mwenyewe. Mkono ukiwa kwenye gurudumu, hakuna kichekesho. Mara ya kwanza alilishika saa nzima. Kesho yake walikwenda hospitali pamoja, na daktari akawapa jina la kitu hicho, sonona, na vidonge, na Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Mama mkwe akaambiwa Jumatano hizo ni vikao vya idara ya maji. Baadaye Mwalimu naye aligundua, akaambiwa ukweli, akaapa kuulinda uongo.

Na Mnara aliishi. Si kwamba alipona akawa mzima kama kigongo. Zilikuwepo asubuhi ambazo kuvaa soksi kulimchukua muda wa kupika maharage. Lakini alizivaa, akaenda, akasoma mita, na Ijumaa akapanda juu ya yale matairi. Na alipata jicho. Mchekeshaji mwenzake akishuka jukwaani anacheka peke yake kupita kiasi, Mnara alimfuata nyuma ya gereji, akakaa naye kwenye makreti matupu, akamuuliza, “Hiyo ya mwisho, ni ya jukwaani au ni ya kweli?” Wengi walisema ya jukwaani. Yeye hakuondoka. Alibaki pale akisimulia habari za vyura, mpaka mtu akachoka kudanganya. Watatu kati yao aliwapeleka Jumatano yake mwenyewe, wakakaa kwenye benchi la hospitali wanne kwa mstari, na muuguzi akawafukuza kwa sababu wagonjwa wengine walicheka dripu zikachomoka.

Halafu akaandika dakika saba za jukwaani kuhusu hayo yote. Hizo ndizo zilizokuwa chini ya Mwalimu.

“Juu ya jalada ameandika ‘Mimi na Sonona Yangu’,” Mwalimu alisema sasa, akishusha sauti na kutazama mlango wa chumbani, ambako mama yao alikuwa akivaa. “Kwa mwandiko mkubwa. Ukisimama pale ukayasoma hayo, unajua watasema nini? Watasema kajiua.”

“Amekufa kwa moyo. Daktari ameandika moyo.”

“Nani anasoma cheti cha daktari? Watu wanasoma midomo ya majirani. Kesho utawasikia: alikuwa na ugonjwa wa akili, akaenda akajimaliza kwenye shimo la mita.”

Hilo nalo lilimuuma Fundi. Mnara alikuwa amepiga magoti kwenye nyumba ya mwisho ya mtaa wa pili. Alikuwa amekwisha soma namba na kuziandika, ndipo moyo ukasimama. Idara ilituma mtu mwingine kuhakiki. Namba zilikuwa sahihi, hata ile nyekundu ya mwisho ambayo wasomaji wengi huikadiria.

“Na mama,” Mwalimu akaongeza. “Umri ule. Atasikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu mia tatu kwamba mwanawe alitamani kufa. Wewe unataka tuzike wawili?”

“Mama yako anasikia sukari ikiyeyuka kwenye chai ya jirani. Unadhani miaka sita hajasikia kitu?”

“Kusikia si kuambiwa.”

“Wifi, alikuwa aiseme kesho. Ijumaa ya kesho. Kwa mdomo wake, ukumbini, mbele ya watu hao hao.”

“Sasa mbona hakuisema mwaka jana? Aliiandika lini?”

Fundi alichukua futikamba mezani, akaanza kuikunja.

“Miaka miwili iliyopita,” alisema. “Mimi ndiye niliyemkatalia.”

Mwalimu aligeuza shingo. Hakuinuka, lakini uzito wake ulihama kidogo kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

“Ulimkatalia wewe? Wewe huyu unayeshupalia?”

“Kila mwezi aliniuliza. Nikamwambia, nikifa kwanza utasema. Juzi Jumapili ndiyo nikamwambia haya, sema.” Futikamba ilikuwa imekunjika yote, akaikunjua akaanza upya. “Alicheza dansi humu ndani, akagonga balbu.”

“Kwa nini ulimkatalia?”

“Umelisoma hilo daftari?”

“Nimesoma jalada. Linatosha.”

“Wewe umefundisha miaka thelathini. Mwalimu wako mmoja akisahihisha mitihani kwa kuikalia, utamfanya nini?”

Hapo alipigwa pale penyewe. Mwalimu alihema kwa pua, kisha akainua ubavu mmoja, akalichomoa daftari likiwa na joto kama andazi. Akavaa miwani. Na kwa mazoea ya mkono, bila hata kufikiri, akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba.

“Nasoma ili nijue ninachokataa,” alisema.

“Soma.”

Alianza kwa sauti ya chini, sauti ya ofisini. “‘Jamani, mimi ni mgonjwa wa huzuni. Nina cheti. Nyinyi huzuni zenu ni za kienyeji, yangu imepigwa muhuri.’” Kalamu ilishuka ikaweka nukta iliyosahaulika. “‘Daktari aliniuliza, unafanya kazi gani? Nikamwambia, asubuhi nazungumza na vyura, jioni watu mia mbili wananicheka. Akaandika. Kisha akaniuliza kwa upole: Na hao watu mia mbili, yupo mwingine anayewaona?’”

Kicheko kilimtoka Mwalimu kama soda iliyotikiswa. Alikiziba kwa karatasi ya wasifu wake mwenyewe, akatazama mlango wa chumbani, mabega yakaendelea kutetemeka bila ruhusa.

“Mjinga huyu,” alisema, akifuta macho.

Aliendelea. Alisoma kuhusu vidonge vilivyoandikwa “usiendeshe mitambo mikubwa”, na Mnara akauliza kama mke mwenye cherehani mbili ni mtambo mkubwa. Alisoma kuhusu asubuhi ya soksi, jinsi soksi ya kushoto na ya kulia zilivyofanya mkutano, zikaahirisha. Kalamu nyekundu ilisahihisha herufi mbili, ikasahau ya tatu, kisha ikabaki hewani. Fundi alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwake. Kila neno alilisikia mara mbili, mara moja kwa sauti ya Mwalimu na mara moja kwa sauti ya Mnara mwenyewe, na alijua ukurasa unaofuata una nini.

“‘Mke wangu ni fundi cherehani,’” Mwalimu alisoma. “‘Vichekesho vyangu hupimwa kwake. Siku moja nikasimama mlangoni nikamwambia, siku hizi natamani nilale nisiamke. Hakuinua hata kichwa. Akasema...’”

Akaishia hapo. Alisoma kimya mstari uliofuata, akaurudia kwa kidole.

“Wifi. Ulisema hivi?”

“Nilisema hivyo hivyo.”

“‘Mwisho umelegea, kata’?”

“Nilikuwa na sare arobaini.” Fundi aligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu, alikuwa amelia kwa zamu zake usiku uliopita. “Hiyo ndiyo sababu ya kumkatalia. Nilikuwa naona aibu. Nilimfungia daftari lake miaka miwili ndani ya droo, kwa sababu ya sentensi yangu moja. Yeye hakuona aibu ya kusema ni mgonjwa. Mimi ndiye niliyeona.”

“Na leo unataka watu mia tatu waisikie.”

“Yeye ndiye aliyetaka.”

“Watakuona mwanamke asiye na moyo.”

“Wataniona hivyo kwa muda wa kunywa maji. Hujamaliza. Isome yote.”

Mwalimu aliinamia daftari tena. Sauti ya ofisini ilikuwa imemwishia.

“‘Jamani, nilikwenda kuoga nikaifikiria. Na kweli ulikuwa umelegea. Mtu unataka kufa, fundi anakwambia hapana, rudi kaandike upya. Nikasema basi, sifi na mwisho mbovu, nitakufa siku nikiupata mzuri. Huu mwaka wa nne natafuta. Na kila nikikaribia kuupata, nampelekea mke wangu, na mke wangu anasema bado.’”

Nje mtu alisema kamba hiyo si ya kufungia turubai, ni ya kufungia mbuzi, na mwingine akamwambia basi jifunge. Mwalimu alivua miwani, akaikunja, akaishika mkononi bila kuirudisha mkobani.

“Mtu aliyeandika hivi hajajiua,” alisema baadaye.

“Hajajiua.”

“Hata mjinga akisikia hivi atajua hajajiua. Wasifu wangu ndio utakaowafanya wanong’one. Mwenye furaha siku zote. Nani kati yao atakubali?” Aliichukua ile karatasi safi, akachora mstari mwekundu juu ya sentensi yake mwenyewe, mstari ulionyooka, kisha pembeni akaandika alama ndogo ya vema ya kujifariji. “Miaka sita kuamka kwenyewe kulikuwa kazi kwake. Mimi nilidhani mtu anaamka tu.”

“Hata mimi.”

“Nani ataisoma? Wewe huwezi.”

“Nitaisoma.”

“Utafika kwenye soksi, utakatika. Nakujua. Harusi ya binamu ulilia kwenye utambulisho wa madereva.”

Fundi alikubali kwa kichwa. “Wenzake wa ukumbini wapo,” alisema.

“Wale? Wale wataongeza ya kwao. Mdogo wangu asemewe na mtu anayeongeza?” Mwalimu alijivuta gauni, akasafisha koo. “Nitasoma mimi. Nimezoea mistari ya asubuhi, wasichana mia nane, bila kipaza sauti.”

“Basi jaribu.”

“‘Jamani mimi ni mgonjwa wa huzuni nina cheti nyinyi huzuni zenu...’”

“Wifi, unaita majina ya waliofeli. Taratibu. Ukisema ‘nina cheti’, unanyamaza. Unawatazama. Unahesabu moja, mbili, ndipo uende kwa ‘kienyeji’. Na usitabasamu. Yeye hakutabasamu kamwe.”

“Mimi sitabasamu kwa asili.”

“Ndiyo maana nakuamini.”

Walijaribu mara ya pili, na mara ya tatu ikakaa. Kwenye ile ya daktari, Mwalimu alipunguza sauti bila kuambiwa, na Fundi akajikuta amesimama na mkono kinywani. Hakuwa amecheka tangu Jumanne. Kicheko kilimtoka kidogo, kikavu, kama mlango uliofungwa siku nyingi. Mwalimu alimuona, akaongeza madaha, akainua kidevu kama mdogo wake alivyokiinua, akageuza ukurasa.

“‘Siku moja nikasimama mlangoni,’” alisema, na sasa alikuwa amesahau kunong’ona, sauti ya mistari ya asubuhi ilikuwa imefunguka yote, “‘nikamwambia, siku hizi natamani nilale nisi...’”

Mlango wa chumbani ulifunguka. Mama yao alisimama pale, mdogo, amenyooka, gauni jeusi limefungwa mbele na kuachwa wazi nyuma, kitambaa mkononi. Alikuwa amekuja kutafuta mtu wa kumfunga vifungo. Alimtazama binti yake, akalitazama daftari, akautambua ule mwandiko mkubwa wa jaladani.

“Malizia,” alisema.

Mwalimu alimtazama mama yake, kisha Fundi. Hakulifunga daftari. Fundi alizunguka nyuma ya mama mkwe akaanza na kifungo cha chini, na Mwalimu, kidole bado kwenye mstari, kwa mkono mwingine akamvutia mama kiti karibu na meza.